Mume wangu anamfunza mbwa kwa kufuata televisheni, nami naanza kuogopa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa nje kidogo ya mji wa Jinja. Mume wangu ni mstaafu wa jeshi. Mimi na yeye hatutoki kabila moja, na watoto wamelelewa kambini, kwa hiyo Kiswahili ndiyo lugha ya nyumba yetu.

Alipostaafu, nyumba ilinyamaza. Mtu aliyezoea kuamka alfajiri na kukuta vijana wanamsubiri awape amri akawa anashinda barazani, hataki redio, hataki wageni, chakula anakigusa tu. Usiku anashtuka usingizini. Nikimwambia twende tumwone daktari, jibu ni kwamba yeye si mgonjwa. Ndipo mdogo wake akamletea mbwa, German Shepherd aliyekuwa bado mtoto, eti atusaidie ulinzi. Tukamwita Simba.

Karibu na wakati huo tulilipia dikoda, na mzee akavumbua vipindi vya kigeni vya kufunza mbwa. Shangazi, sitaki kukuficha: vipindi hivyo vilinirudishia mume. Alianza kuwaita watoto, "Njooni mumwone huyu bwana." Ijumaa jioni tukawa tunakaa wote sebuleni kwa chai na chapati, tunabishana nani amekosea, mbwa au mwenye mbwa. Alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Kisha akaanza kuyafanya anayoyaona. Lazima yeye ale kwanza, Simba akitazama. Lazima atangulie mlangoni. Simba akirukaruka, mzee anamlaza chali na kumkandamiza mpaka aache kufurukuta, kwa sababu mkufunzi wa kwenye televisheni ndivyo alivyofanya na mbwa akatulia kabla kipindi hakijaisha. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, hata majirani walikuja kutazama. Halafu akaanza kutia mkono kwenye sufuria ya Simba wakati anakula posho yake, ili mbwa ajue chakula ni cha nani. Simba akanguruma. Akalazwa chali. Kesho yake akanguruma tena, akalazwa tena. Sasa hangurumi. Mume wangu anasema somo limeingia. Lakini juzi mtoto wa shemeji yangu alipita karibu na ile sufuria, na Simba, bila kutoa sauti yoyote, akamdaka mkono wa shati. Shati lilichanika, ngozi ikasalimika.

Kijana wetu wa miaka 13 naye ameanza kumkazia Simba macho, uso kwa uso, huku rafiki yake akirekodi kwa simu. Na mwenye duka wa pale barabarani anataka kumleta mbwa wake mkali afunzwe. Atalipa. Mzee amekubali.

Nilijaribu kusema. Nilimwambia, "Baba, hiyo ni televisheni, wanakata na kuunganisha." Alizima televisheni, akatoka, akarudi kwenye kiti chake cha barazani. Kimya kile kile cha zamani. Kijana wangu akaniambia, "Mama, umeharibu."

Mama mkwe anasema mbwa apelekwe kijijini. Mimi nafikiria kumwambia kaka mkubwa wa mume wangu, maana yeye huwa anasikilizwa. Nikinyamaza, mtoto ataumwa. Nikisema, nitampoteza mume niliyekuwa nimempata. Niambie, Shangazi: vile vipindi ni mafunzo kweli, au ni burudani tu na sisi tunadanganywa?

Mama Wawili, Jinja

*

Marahaba, binti yangu.

Umeuliza kuhusu televisheni, lakini barua yako ina mambo matatu yaliyoshikana: mbwa aliyebadilika, mume aliyepata kitu cha kumwamsha asubuhi, na kijana anayejifunza kwa kumtazama baba yake. Ukigusa moja, mengine mawili yanatikisika, ndiyo maana umekwama. Nitajaribu kuyatenganisha. Kuamua ni kwako, maana nyumba unaijua wewe.

Jambo moja tu halisubiri mazungumzo. Simba anapokula, mtoto yeyote asiwe karibu naye, na mchezo ule wa kukaziana macho uishe leo. Hapo humpingi mtu, unafunga mlango tu. Tazama pia kadi ya chanjo ya Simba. Kati ya kila watu 100 wanaopata kichaa cha mbwa duniani, hadi 99 wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza ugonjwa huo unaua. Jino likigusa ngozi, hata mkwaruzo mdogo, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo.

Sasa televisheni. Hukutaja jina la kipindi, nami sitabahatisha. Viko vingi na havifanani. Mwaka 1980 BBC ya Uingereza ilimpa kipindi Barbara Woodhouse, bibi wa miaka 70 hivi, na sehemu kubwa ya watazamaji walimfuata yeye mwenyewe, sauti yake na ukali wake, kuliko mbwa. Mwaka 2004 Cesar Millan, mzaliwa wa Mexico, alianza chake kwenye National Geographic huko Marekani, kikaenda hadi 2012. Mwaka 2005 Victoria Stilwell akaanza chake kwenye Channel 4 ya Uingereza, na yeye husisitiza kumtuza mbwa anapofanya vizuri, siyo kumtisha. Wakufunzi hawa wawili wa mwisho wangeingia uani kwako siku moja, wangebishana mbele ya sufuria ya Simba. Kwa hiyo mzee anaposema "televisheni imeonyesha", unaweza kumuuliza kwa upole, ipi? Hapo bado hujamwambia kwamba amekosea.

Ni burudani? Ndiyo, na wala haijifichi. Kipindi cha Millan kilikuwa kinaonyesha maandishi ya kuwaonya watazamaji wasijaribu mbinu hizo bila kumwona mtaalamu. Darasa gani humkataza mwanafunzi kufanya zoezi? Saa moja ya televisheni ya Marekani, ukitoa matangazo, inabaki na dakika 40 na kitu. Ndani ya dakika hizo lazima tumwone mbwa mkorofi, familia inayolia, mgeni anayeingia kwa utulivu, na mwisho mwema. Kinachotupwa chumba cha uhariri ni marudio. Bahati mbaya mafunzo ya mbwa ni marudio matupu, na hakuna anayelipia dikoda ili amwone mbwa akiitwa mara mia na kupewa kipande cha nyama mara mia.

Hata kwa mwenyewe wa kazi hiyo, mambo hayaendi kila mara kama yalivyopangwa. Mwaka 2012, mbele ya kamera, Millan aliumwa mkono na Labrador jike aliyeitwa Holly. Tatizo la Holly lilikuwa kulinda chakula chake. Mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, na watu wa kumsaidia pembeni, aliumwa kwa jambo lile lile ambalo mumeo analijaribu peke yake uani, na mtoto wa shemeji yako akipita karibu.

Lakini uliposema "burudani tu", hiyo "tu" yako nayo naitilia shaka. Wengi wetu hapa tunafuga mbwa bila kumtazama: alfajiri anafungiwa kibandani, usiku anafunguliwa abweke, anarushiwa posho na mukene, yaani dagaa, imetosha. Mumeo amejifunza kumtazama mbwa wake, kutoka naye, kukaa na kufikiri juu yake. Na vipindi karibu vyote, vya wakali na vya wapole, vinakubaliana kwamba mwenye mbwa ndiye anayebadilika kwanza. Hilo amelipata sebuleni kwako siku za Ijumaa, na ni elimu. Binti yangu, ulipomwambia "wanakata na kuunganisha" ulisema kweli, lakini nadhani alichosikia ni kwamba furaha yake ni uongo.

Kuna jambo jingine ambalo ninyi wawili mmelipitisha bila kuliuliza: kwamba Simba kuacha kunguruma ni dalili ya kutii. Mbwa anaponguruma anatoa onyo, anasema sogea, sitaki kuuma. Kila alipoonya akalazwa chali. Alichojifunza ni kwamba onyo linamletea maumivu, basi akaliacha, lakini hofu ya kunyang'anywa chakula haikwenda popote. Ndiyo maana safari ile alidaka shati bila sauti. Hata ule utulivu wa chini ya mkono wa mzee uuangalie vizuri. Mbwa aliyelala chali huku mkia ameubana, masikio ameyalaza, analamba midomo na weupe wa macho unaonekana, huyo ameogopa au amekata tamaa. Mbwa aliyetulia ana mwili uliolegea.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa matokeo ya kuwauliza wenye mbwa waliofika kliniki yao ya tabia walichokuwa wamejaribu nyumbani. Kati ya waliompiga au kumpiga teke mbwa, 43 katika kila 100 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Kati ya waliomlaza chali kwa nguvu, 31 katika kila 100. Hao walikuwa mbwa wenye matatizo tayari, usizichukue kuwa hesabu za mbwa wote. Ila kwa habari ya sufuria, Simba naye sasa yuko kundi hilo.

Mzee atakuuliza, je, mbwa si ukoo mmoja na mbwa mwitu, na mbwa mwitu si wana mbabe wao? Wazo hilo lina historia. Mwaka 1947 Rudolph Schenkel aliandika juu ya mbwa mwitu wa nchi za baridi waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, wakigombania vyeo. Mmarekani David Mech akalieneza zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1970. Baadaye Mech huyo huyo alikwenda kuwatazama porini, kiangazi baada ya kiangazi, katika kisiwa cha Ellesmere kaskazini mwa Kanada, akakuta kundi la kawaida ni baba, mama na watoto wao. Mwaka 1999 aliandika makala ya kupinga habari ya mbabe aliyepanda cheo kwa kupigana. Ningependa mzee asikie hasa kipande hiki: bingwa alibadili maneno yake hadharani na heshima yake ikabaki pale pale.

Turudi kwenye njia ulizozitaja. Kumpeleka Simba kijijini kunaondoa hatari uani kwako na kuihamishia uani kwa wengine, ambako watoto ni wengi zaidi na hawana habari kwamba mbwa huyu anauma bila kuonya. Na mumeo utakuwa umemwondolea rafiki. Huenda ikafika siku mkalazimika, lakini anayempokea aambiwe yote, na chanjo iwe imekamilika.

Kaka mkubwa? Anasikilizwa, ni kweli. Ila fikiria mzee wako atakavyojisikia akigundua kwamba mambo ya uani kwake yamefika kikao cha ukoo kabla hayajamalizwa chumbani. Njia hiyo ipo, mimi ningeiweka nyuma ya nyingine.

Kuzima televisheni sikushauri. Mnaweza badala yake kuitazama kwa namna nyingine: Ijumaa, wekeni kipindi kile kile, halafu zimeni sauti. Muziki na maneno ya mtangazaji ndiyo hutuambia tuhisi nini. Yakiondoka, anabaki mbwa. Watoto washindane nani ataona kwanza mkia uliobanwa, miayo isiyo ya usingizi, kichwa kinachogeuzwa pembeni. Mzee ndiye awe mwamuzi. Sijui ataona nini, lakini mtu aliyelinda nchi kwa kutazama mambo madogo ana macho kuliko mimi na wewe. Hatari yake ni kwamba anaweza kuhisi mmempangia mtego, kwa hiyo usianze siku ambayo mmegombana.

Daktari wa mifugo naye ni wa kufikiriwa mapema. Sikio lenye uchungu, jino bovu, kupe, vyote humfanya mbwa awe mkali wa ghafla, na televisheni haiwezi kumpima Simba. Ofisi ya mifugo ya wilaya iko karibu nanyi, na mzee ndiye ampeleke, awe na safari yenye maana. Kuhusu mkufunzi wa kulipwa, wapo, lakini wengi wamezoea mbwa wa ulinzi na baadhi hutumia mbinu hizo hizo za nguvu. Ombeni kumtazama akifanya kazi kabla ya kumkabidhi mnyororo, na muulizeni, mbwa akikosea unafanyaje?

Kwenye kuzungumza naye, nina wazo moja kutokana na kazi yake. Kwata. Muulize kuruta alichukua muda gani kujifunza kugeuka kulia pamoja na wenzake, na ilirudiwa mara ngapi kabla miguu haijakubali. Mtu akiwatazama siku ya gwaride, wakipita mbele ya wageni, atadhani ni jambo la dakika chache. Mwache ajibu, usimalizie wewe.

Akikubali kujaribu kitu kingine, sufuria ndipo pa kuanzia, na ni kazi ya mtu mzima peke yake. Simba ale kwa amani, asiguswe. Mzee apite kwa mbali, mahali ambapo mbwa haonyeshi wasiwasi wowote, amrushie kipande cha nyama, aendelee na safari yake. Siku baada ya siku, akisogea kidogo tu pale Simba mwenyewe anapomtazama kwa furaha. Akikakamaa au akianza kula kwa pupa, arudi nyuma. Ni kazi ya wiki, pengine miezi, na haipendezi kutazamwa. Kusudi ni mbwa aone mkono unaokaribia unaleta, hauondoi. Na kama Simba anakula mara moja tu kwa siku na mchana kutwa yuko kibandani, kugawa chakula mara mbili na kumtembeza kunaweza kusaidia kuliko mbinu yoyote ya kigeni.

Umetaja kwa mstari mmoja tu kwamba usiku mumeo anashtuka, nami sitaki lipite. Gulu kuna mradi wa shirika la Big Fix Uganda unaowaunganisha watu walioumizwa na vita vya kaskazini na mbwa waliookolewa, wanajifunza pamoja na kutunzana. Kwa hiyo mumeo kupata pumzi kwa sababu ya mbwa si ajabu wala si udhaifu. Lakini kule kuna watu nyuma ya mbwa, wa kusikiliza na kufuatilia. Simba hawezi kuubeba mzigo ule peke yake, hasa sasa ambapo yeye mwenyewe ana hofu. Hospitali ya rufaa ya Jinja ina watu wa afya ya akili. Kama aliikataa safari hiyo alipokuwa hana hamu na lolote, huenda jibu likawa tofauti sasa ambapo ana kitu anachokipenda na anataka kukifanya vizuri.

Kijana wako nenda naye taratibu. Alipokuambia "umeharibu", nadhani alikuwa anamlilia baba yake anayecheka, siyo kipindi. Mpe kazi ya kuandika kwenye daftari kila siku Simba alivyokuwa wakati mzee anapita na kipande chake cha nyama, akiandikia dirishani. Simu atairekodia kutoka hapo hapo, kwa mbali, na atakuwa na kitu cha kumwonyesha rafiki yake.

Umebaki mwenye duka. Mbwa mkali wa mtu mwingine, uani kwenu, karibu na watoto na karibu na Simba, ni jambo zito, na akimuuma mtu lawama itakuja kwenu. Lakini sidhani ni lazima wewe ndiye ukatae. Siku mzee akiwa na furaha muulize tu: kama mafunzo yatachukua miezi mitatu badala ya jioni moja, atamtoza yule bwana shilingi ngapi, na chakula cha mbwa nani atanunua? Halafu kaa, mmiminie chai, umwache apige hesabu.